Kaburi Lisilo na Simenti

Jumapili, Tororo. Mvua ya jana imekatika, jua limetoka kali la kuchoma utosi, na mimi nimekaa sebuleni kwa Bibi nikiandika kwenye simu kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kitambaa. Nitaeleza kwa nini.

Nina hasira. Nalisema mapema ili aliyekuja kutafuta picha za ziwa na ushauri wa hoteli afunge ukurasa aende zake salama. Picha nilipiga, tena nzuri, kabla mambo hayajaharibika. Sitaziweka.

Mliozoea kunisoma mnanijua. Nauza vipuri vya malori Busia, upande wa Kenya, na mara moja moja nafunga duka natembea. Peke yangu. Watoto wamekua, mume sina, na miguu ni yangu. Kila ninapofika watu huniuliza mzee wangu yuko wapi, utadhani nimemwangusha njiani. Nimezoea. Hayo siyo yaliyonipandisha hasira jana.

Safari ya jana ilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni jumba la kale lililoko ufukweni mwa ziwa, ukishapita Lunyo, upande wa Uganda. Alilijenga tajiri mmoja wa Kihindi aliyekuwa na kiwanda cha pamba, na siku hizi limefanywa makumbusho. Nimekuwa nikitamani kuliona tangu lifunguliwe.

La pili ni Saada.

Saada ni mtoto wa kwanza wa Bibi, yaani wa mama mzazi wa marehemu baba yangu. Angekuwa shangazi yangu mkubwa. Alikufa kwa homa akiwa ndio kwanza anajifunza kusimama dede, wakati Babu alipokuwa dereva wa lori la tajiri huyohuyo wa pamba. Babu na Bibi walikaa kwenye vyumba vya watumishi nyuma ya jumba, na Saada akazikwa hukohuko. Bibi amenielekeza mahali pake mara nyingi hata naweza kufika nimefumba macho: pita chumba cha mwisho, kiache kichuguu kushoto kwako, utaona mawe mawili. Babu aliyachukua ziwani mwenyewe. La kichwani ni jeusi tititi. La miguuni lina mstari mweupe uliolizunguka lote.

Mawe hayo tu. Jina hakuna, simenti hakuna. Sisi kaburi la Mwislamu hatulijengei, ndivyo nilivyokua nikiambiwa, hasa na Baba Mdogo Sadiki, mdogo wake baba. Huku kwetu majirani wengi humjengea marehemu wao vizuri, vigae, paa, picha yake kwenye kioo, na Baba Mdogo kila akipita hapo hutikisa kichwa na kuanza mawaidha. Tumeshayajua kwa moyo.

Bibi miguu haimchukui tena. Mwezi huu wa Shaabani aliniita akaniambia niende kwa mtoto, nimsomee Fatiha, nimletee habari zake. Alisema hivyo kabisa, habari zake, kama vile Saada yuko bweni. Alichotaka kujua ni kimoja: yale mawe bado yapo? Hajanituma kitu kingine mwaka mzima.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilivuka mpaka na manyunyu, nikapanda pikipiki, na barabara ya Lunyo ikanipaka tope jekundu mpaka kwenye kope. Getini palikuwa na binti mdogo mwenye mwavuli. Kwanza aliuliza bwana yuko wapi. Pili alitazama kitambulisho changu cha Kenya, akanitajia bei ya wageni wa nje. Nikamwambia bibi yangu aliishi humu ndani, baba yangu alizaliwa umbali wa kutupa jiwe kutoka hapo aliposimama. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba bei ni ya kitambulisho, si ya bibi.

Nikalipa. Nikawa nimeshaanza kuchemka, lakini nikacheka.

Mtembezaji wa wageni hakuwepo. Jumamosi, bwana, nusu ya Lunyo iko mazishini. Alitoka msimamizi mwenyewe, Bwana Wandera, Msamia wa hapohapo, mtu mrefu, mpole, shati limepigwa pasi hadi unaogopa kumgusa. Akasema atanizungusha yeye, na heshima ile sijawahi kuipata katika makumbusho yoyote. Nalisema hili kwa makusudi. Ingekuwa rahisi kwangu leo kama angekuwa mjinga au mwenye dharau.

Jumba lenyewe ni zuri, siwezi kudanganya. Madirisha ya vioo vya rangi yanamwaga mwanga mwekundu na kijani ukutani. Kuna bafu la chuma lenye miguu ya simba. Kuna veranda pana iliyolitazama ziwa, ina bembea ya mbao yenye minyororo ya shaba ambapo mke wa tajiri alikuwa akikaa jioni, na sakafu nyekundu inayong'aa kama imepakwa mafuta. Wandera alipiga kisigino chini anionyeshe. Alisema simenti yake ilitoka Tororo, ikaletwa na lori safari baada ya safari, na mpaka leo haina ufa. Kweli, nilitafuta ufa sikuuona.

Kwenye ukumbi kuna picha ya lori. Maandishi chini yake yanataja aina ya lori, yanamtaja tajiri, yanataja hata aliyepiga picha. Dereva hatajwi. Anaonekana kiwiko tu, kimetokeza dirishani. Nikamwambia Wandera kwamba kiwiko hiki nadhani ni cha babu yangu. Macho yalimtoka. Alitoa simu, akaandika jina la Babu, akaniuliza alizaliwa wapi, alikufa lini, akaniomba ruhusa ya kuliweka. Nilimpenda mtu huyu.

Chumba cha mwisho kinaonyesha jinsi ile familia ilivyoondoka, Wahindi walipofukuzwa. Kuna sanduku limeachwa wazi, na ndani yake nguo za mtoto zilizokunjwa, ambazo mama alizipanga kisha akaambiwa mzigo umezidi. Gauni dogo la manjano. Soksi. Nilisimama pale nikalia. Sikuona aibu. Nilimlilia mama yule kwa sababu hata mimi nimewahi kukunja nguo za mtoto.

Halafu nikamwomba Wandera tutoke nyuma, nina mtu wa kumsalimia.

Harufu ndiyo iliyotupokea.

Vyumba vya watumishi vimegeuzwa vyoo vya wageni, vimepakwa rangi nzuri tu. Ukipita cha mwisho unakuta banda la mabati, meza, viti vya plastiki, na kibao kilichoandikwa JIKONI KWA BIBI. Kushoto kichuguu kimekatwa, kimebaki kitako chake tu chini. Na pale ambapo mtu ukikiacha kichuguu kushoto kwako unatakiwa kuona mawe mawili, palikuwa na moto.

Moto mkubwa wa kuni. Mafiga matatu. Moja tofali la simenti. Moja jiwe jeusi tititi. Moja jiwe lenye mstari mweupe uliolizunguka lote.

Juu yake sufuria kubwa ya nguruwe.

Sina neno na anayekula nguruwe. Busia na Tororo tunaishi pamoja, jirani yangu wa duka anamchoma kila Jumamosi na tunasalimiana moshi ukipita katikati yetu. Lakini jamani. Juu ya Saada?

Nilijiambia nimekosea mahali. Nikarudi hadi chumba cha mwisho, nikaanza upya kama mtoto anayerudia hesabu, chumba, kichuguu, kushoto. Nikafika palepale. Mama mpishi akawa ananitazama na mwiko mkononi.

Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilipaza sauti mpaka binti wa getini akaja na mwavuli wake. Niliwaita washenzi. Niliwaita wanyama, na hilo si haki, lakini ndivyo ilivyotoka. Mama mpishi aliuliza kuna nini, nami nikawa naonyesha kidole chini tu.

Wandera alinishika kiwiko. Alidhani nimepandisha mashetani.

"Nyabo, mama yangu, hapa kaburi hakuna," akasema. "Sisi tulitafuta."

Na kweli walitafuta. Alinieleza kila kitu tukiwa tumesimama palepale moto ukivuma. Kabla ya kufungua makumbusho waliwaita wazee wa eneo, wakazunguka kiwanja chote. Kule karibu na barabara walikuta makaburi yaliyojengewa, wakayawekea uzio, wakaita ndugu, watu wakaomba. Yeye mwenyewe aliwauliza watu wa Lunyo nyumba kwa nyumba. Mahali hapa palikuwa kichaka, na kichakani mawe mawili. Alipowaambia wajenzi watafute mafiga, waliyaona mazuri, wakayasogeza.

"Mawe tu," akasema. "Mtu anazika mtoto yake, anaacha mawe tu?"

Hakuwa akikejeli. Mngeuona uso wake. Mtu huyu kwao marehemu hujengewa kabla ya walio hai kununua godoro. Kwake simenti ndiyo mapenzi yenyewe. Alikuwa akinitazama kwa huruma, na nilipoielewa huruma ile ndipo nilipotaka kumpiga kofi. Machoni pake sisi ndio tuliomtupa mtoto. Yeye alikuta mawe porini.

Nikamwambia dini yetu ndivyo inavyotufundisha. Kaburi halijengewi, halipambwi, mtu anarudi udongoni. Nilisema yote, sauti ya Baba Mdogo ikinitoka mdomoni neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mimi nitajua namna gani?"

Na mtu akikuuliza swali la haki ukiwa na hasira, hasira haipungui, inatafuta tu pengine pa kwenda. Yangu ilikwenda kwa Baba Mdogo. Kila msimu hupita Lunyo na lori lake akinunua mihogo. Kila msimu! Hajawahi kusimama hapa hata kung'oa nyasi. Anajua hukumu ya kaburi, kaburi lenyewe halijui.

Wandera alimwashiria mama mpishi kwa kichwa, naye akaipua sufuria bila kuuliza swali la pili. Akamwaga maji. Moto ukalia, majivu yakaturukia wote. Kulikuwa na wageni kutoka Tororo waliokuwa njiani kuja kula chakula kile, na hakuna aliyewataja. Hilo nalo naliandika, nisiwe mwongo.

Mimi sikungoja mawe yapoe. Nililikamata lile jeusi kwa mkono mtupu. Ndiyo kitambaa hiki.

Mama mpishi ndiye aliyekimbia akaleta gunia lililoloa. Tukayabeba naye, yeye upande huu mimi upande huu, baada ya kuchota majivu na mkaa kwa koleo na kufagia mpaka udongo ukaonekana. Jeusi kichwani. La mstari miguuni. Nilikisia urefu wa mtoto ambaye ndio kwanza anasimama dede. Nikapiga magoti kwenye matope yenye mafuta nikasoma Fatiha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikosea katikati nikaanza tena. Wandera alisimama na mikono nyuma. Mama mpishi alikuwa amejifunika kichwa kwa aproni.

Nilipoinuka, Wandera alikuwa na wazo. Maskini, alikuwa amelifikiria muda wote nilipokuwa nikisoma. Jiko litahamishwa, hilo alinihakikishia. Halafu atamjengea Saada kaburi. Kwa gharama ya makumbusho. Simenti, vigae vyeupe, jina lake, na kibao kidogo wageni wasome kwamba mtoto wa dereva amelala hapa. Alisema nyumba hii inaeleza habari za tajiri tu, na yeye siku zote ameona kuna kilichopungua.

Nikamwambia asithubutu. Hata kokoto.

Akaniambia, kwa upole uleule unaoniua, kwamba yeye hatakuwa msimamizi hapa milele. Akiondoka, atakuja mwingine, ataona mawe mawili mazuri.

Nikamwambia angoje nimuulize Bibi. Nikaondoka bila kuaga vizuri.

Njia nzima kuja Tororo nilikuwa natunga uongo. Bibi, mawe yapo. Bibi, pamefagiliwa, kuna kivuli, ziwa linaonekana. Niliurudia kimoyomoyo mpaka ukawa laini. Mtu aliyekaribia mwisho wa umri wake unampelekeaje habari kwamba mtoto wake alipikiwa nguruwe kifuani? Unamwambia ili iweje? Nilikuwa nimeamua kabisa. Ukweli ningemwambia Baba Mdogo, nje, na ningemwambia kwa sauti ya kutosha.

Nilifika baada ya Magharibi. Baba Mdogo alikuwepo, ameketi na kikombe chake. Bibi alikuwa kwenye mkeka bado, tasbihi mkononi. Nikampa mkono wa kushoto.

Mwanamke yule macho yamefifia lakini mkono wa kushoto hamkubalii mtu. Akaniambia nimpe wa kulia. Nikasita. Akaushika mwenyewe, akakipapasa kitambaa, akanusa vidole vyangu, na uongo wangu wote mzuri ukaanguka palepale. Nilimwambia yote. Mafiga, moto, sufuria, kilichokuwemo ndani ya sufuria. Nilimwambia na vigae vya Wandera.

Baba Mdogo akaruka. Si kwa ajili ya nguruwe, sikilizeni, kwa ajili ya vigae. Akaanza mawaidha: kujengea makaburi ni jambo lililokatazwa, wazee wetu walimzika mtoto kwa sunna, hawakutaka makuu, sisi ndio tunaotaka kuiga watu...

"Nyamaza, Sadiki," Bibi akasema.

Sijawahi kumsikia akimnyamazisha mtoto wake mbele yangu. Baba Mdogo ana mvi.

"Baba yako aliomba simenti. Mfuko mmoja."

Akaeleza akiwa anaitazama tasbihi yake. Mwaka ule veranda ilikuwa ikijengwa. Babu ndiye aliyekuwa akiichukua simenti hapa Tororo na kuipeleka ziwani, lori limejaa, anashusha, anarudi. Mtoto akafa katikati ya kazi hiyo. Walimzika asubuhi, na kabla ya adhuhuri Babu alikuwa ameshatumwa Tororo kuleta nyingine. Aliporudi alikwenda kwa tajiri, akasimama chini ya ngazi, akamwomba mfuko mmoja amzungushie mtoto wake, nguruwe pori wasije wakamfukua.

"Akamwambia atafikiria," Bibi akasema. "Akafikiria mpaka veranda ikaisha."

Ndipo Babu akashuka ziwani akachukua mawe.

Baba Mdogo alizaliwa baadaye sana, naye alilikuta jambo hili limeshakuwa dini. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kwa nini basi miaka yote hii wao huambiwa ni sunna.

"Ni sunna," Bibi akasema. "Mashehe walikuja wakatufundisha kaburi halijengewi. Nilishukuru sana siku ile. Nilipata la kuwajibu watu."

Baba Mdogo alitoka, nikamsikia uani anachota maji muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji kuchotwa. Maneno makali niliyomwekea nikayameza. Ningemwambia nini mtu yule?

Sasa nieleze hasira yangu ilivyo leo, maana si ile ya jana.

Jana niliikanyaga sakafu ile nikaisifu. Nilitafuta ufa! Nilikaa kwenye bembea, nikapiga picha miguu yangu juu ya ule wekundu, nikawaza nitaandika nini chini ya picha. Nilisimama mbele ya sanduku nikalilia gauni dogo la manjano la mtoto aliyetoka hai, akapanda ndege, pengine leo ni bibi wa watu mahali fulani. Sisemi nilikosea kulia. Walichotendewa kilikuwa dhuluma na ningelia tena. Wala tajiri yule simchukii kwa Uhindi wake. Matajiri wa kila rangi nimeshawauzia vipuri, na neno lao ni hilohilo, nitafikiria. Lakini machozi yale yalikuwa yangu, na niliyamwaga mbele hivi, kwenye chumba chenye taa na maandishi, wakati nyuma ya ukuta sufuria inachemka juu ya yule niliyepaswa kumlilia.

Kwa nini nililia kwa wepesi huo kwa mtoto wa tajiri? Kwa sababu waliniwekea nguo zake nizione. Saada hakuachiwa hata soksi.

Hasira hii nimelala nayo, nimeamka nayo. Asubuhi Bibi hakulitaja jambo. Aliniuliza kama mkono unauma, akanipaka asali, akanifunga upya.

Halafu Wandera akapiga simu. Nilimwambia angoje, hakungoja. Alikuwa na furaha kabisa. Amempata fundi leoleo, Jumapili, ametoka kanisani moja kwa moja. Ametoa mfuko wa simenti stoo, uko hapo karibu na mawe, maji yameshatekwa. Akauliza jina liandikwe vipi, kwa herufi kubwa au ndogo.

Nilianza kumfokea. Kusema kweli nilikuwa nasubiri mtu wa kumfokea tangu usiku. Bibi alikuwa kando yangu, akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kikombe. Alitaka simu.

Akamsalimia Wandera vizuri, akamuuliza watu wake hawajambo, akamuuliza mvua kwao imenyesha. Akamshukuru kwa kuzima moto. Akamwambia yeye ndiye mama yake mtoto. Nadhani Wandera alikuwa hajafikiria kwamba mtoto yule bado ana mama.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "mfuko huo nilikuwa nautaka siku ile. Leo siuhitaji. Uchukue ukajengee jiko lako, mbali na Saada."

Akanirudishia simu, akasema chai imechelewa.

Nimemwekea chai. Baba Mdogo amekuja akauliza kama lori linaweza kufika mpaka nyuma ya lile jumba, kwa sababu Ijumaa anataka kumpeleka mama yake, na kiti cha mbele kina nafasi. Nimemwambia linafika. Malori yamekuwa yakifika pale siku zote. Duka nitalifunga, nitakaa nyuma kwenye magunia.

Bibi anakunywa chai yake dirishani, ametulia, ananiuliza naandika nini kirefu hivyo. Yeye amemaliza. Mimi hasira yangu iko palepale, na kila ninayemfikiria nimpelekee, ama amekufa, ama ni mtu mwema.